Kabla Hujaongeza Kifurushi, Ifungue Ruta Yako

Mwaka juzi niliongeza kifurushi cha intaneti ya nyumbani mara mbili katika muda wa miezi mitano. Mara ya kwanza, binti yangu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne alikuwa hawezi kufuatilia vipindi vya mtandaoni akiwa chumbani kwake. Mara ya pili ni kwa kuwa ile ya kwanza haikusaidia. Tukatoka megabiti 10 kwa sekunde, tukaenda 20, tukafika 40, na mle chumbani video ikaendelea kukwama vile vile. Fundi wa kampuni akaja, akachomeka kompyuta yake kwenye ruta kwa waya, akapima, akanionyesha 40 kamili, akaaga. Hakukosea. Intaneti ilikuwa inaingia nyumbani kama nilivyoilipia, ila haikuwa ikifika chumbani.

Nilipoamua kuichunguza ruta yenyewe nilikuta mambo matatu. Ilikuwa imefichwa ndani ya kabati la runinga, nyuma ya dekoda. Ilikuwa inarusha mawimbi kwenye chaneli moja na ruta sita za majirani. Na katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa nilihesabu 19, ilhali sisi nyumbani tulikuwa na 11. Jumamosi moja, kuanzia alasiri hadi magharibi, ilitosha kuyarekebisha yote. Mwezi uliofuata nilirudi kwenye kifurushi cha 20, na binti yangu akasoma chumbani kwake bila kukwama.

Nayaandika haya kwa sababu naona familia nyingi zikipita njia niliyopita mimi: intaneti ikisuasua, watu wanaongeza pesa. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujaongeza kifurushi, uifungue ruta yako na kuipanga upya. Kazi hii haidai cheti cha ufundi. Inadai utulivu, utaratibu na daftari.

Anza na daftari

Geuza ruta uitazame chini. Kuna lebo yenye modeli, anwani ya kuingilia, jina la mtumiaji na nywila ya kiwandani. Yanakili yote. Anwani hiyo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na zile za laini ya simu za kampuni hiyo hiyo hutumia 192.168.8.1. Unaiandika kwenye kivinjari, pale juu unapoandika anwani ya tovuti, na ukurasa wa ruta unafunguka.

Ukiweza, tumia kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, maana ukibadili jina au nywila ya Wi-Fi ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, utatolewa palepale na itabidi uunganishe upya. Ikiwa una simu peke yake, zima kwanza data ya laini. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data ya laini kimyakimya, na ukurasa wa ruta haufunguki.

Kabla ya kubadili chochote, piga picha kila ukurasa wa mipangilio. Ruta nyingi pia zina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio yote kama faili, ihifadhi. Kisha jiwekee mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni ukurasa wa WAN. Humo mna jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma ili ruta yako itambulike kwao, na ukizifuta intaneti inakatika hadi wao wakurudishie. Utazame, upige picha, usiuguse. Mpaka wa pili ni kile kitundu kidogo cha kuriseti nyuma ya ruta. Ukikishikilia kwa sindano kama sekunde kumi, kila kitu hurudi kilivyotoka kiwandani, pamoja na mipangilio ya mtoa huduma. Kiache kiwe njia ya mwisho kabisa.

Kanuni ya kazi yote ni moja: badili jambo moja, hifadhi, pima, andika. Ukibadili mambo matano kwa mkupuo na intaneti ikaharibika, hutajua lipi limeiharibu.

Nywila ni mbili, si moja

Nywila ya kwanza ni ya Wi-Fi, ile unayompa mgeni. Ya pili ni ya kuingilia mipangilio ya ruta, na hii watu wengi hawajui hata kama ipo, kwa hiyo inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu kwenye kamera na ruta za watu orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani. Haikuhitaji ujanja mkubwa zaidi ya huo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa vilivyotekwa namna hiyo viliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kuifikia Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Wenye kamera na ruta zile walikuwa majumbani mwao, hawana habari. Kwa hiyo badili nywila ya kuingilia ruta kabla ya kitu kingine chochote, kisha uiandike daftarini.

Kuhusu nywila ya Wi-Fi, kwetu kuna mazoea mabaya ya kuweka namba ya simu. Hebu tupige hesabu. Nchini Tanzania namba za simu za mkononi huanza na 06 au 07, kisha zinafuata tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 100 za 06 na milioni 100 nyingine za 07, basi. Mtu akishanasa mawasiliano ya simu yako inapojiunga na Wi-Fi, kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo inaweza kuzijaribu zote milioni 200 ndani ya saa moja. Chagua badala yake maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani kwenu, uyaunganishe yafike herufi 16 na kuendelea. Ni rahisi kuyakumbuka na ni vigumu mno kuyakisia.

Katika ukurasa huo huo utaulizwa aina ya ulinzi. Chagua WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, au WPA2 yenye AES. Ikiwa simu za zamani zinakataa kuunganishwa, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Ukikuta ruta bado iko kwenye WEP, ujue ulinzi huo ulivunjwa tangu mwaka 2001.

Kisha zima WPS, yaani kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika nywila. WPS ina namba ya siri ya tarakimu nane, na kwa haraka mtu angedhani ni mamilioni ya namba za kukisia. Mwezi Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, tarakimu nne kwanza, kisha tatu, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Hivyo majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Kompyuta inayoyajaribu moja baada ya jingine hufika.

Zima pia usimamizi wa ruta kutoka nje, ule unaoandikwa Remote Management. Hakuna sababu ya ukurasa wa ruta yako kufunguka kwa mtu aliye nchi nyingine. Halafu tazama kama kuna toleo jipya la programu ya ndani ya ruta ulipakue, maana humo ndimo watengenezaji huziba matundu yaliyogunduliwa. Usifanye kazi hiyo siku ambayo umeme unakatikakatika. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha programu, ruta inaweza isiwake tena.

Mambo mawili yasikupotezee muda: kuficha jina la Wi-Fi, na kuorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa kwa namba zao za MAC. Jina lililofichwa huonekana kwa yeyote mwenye programu ya kusikiliza mawimbi. Namba za MAC nazo huigwa, na tangu Android 10 na iOS 14 simu zenyewe hutumia namba ya kubuni kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo orodha yako itawasumbua watu wako kabla ya kumsumbua mgeni.

Vile vifaa vinane nilivyovikuta kwangu vilitoka wapi, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba anayefanya uovu kupitia Wi-Fi yako anatumia anwani yako ya mtandao, na uchunguzi huanzia hapo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2018. Ni heri ufunge mlango mapema kuliko kujieleza baadaye.

Mahali kwanza, chaneli baadaye

Hakuna mpangilio unaoweza kuiokoa ruta iliyokaa mahali pabaya. Iweke karibu na katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kiuno, mbali na jokofu, tangi la maji na kabati la chuma. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza mawimbi kiasi. Nguzo na slabu zenye nondo huyapunguza zaidi. Mabati huyarudisha yalikotoka. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kwa hiyo ikiwashwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutetereka. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mji wa Kale Mombasa na Lamu wana mtihani wao: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo unene wake hufika nusu mita. Kwenye nyumba kama hizo usiihangaikie mipangilio. Vuta waya hadi upande wa pili uweke ruta nyingine kule.

Ruta nyingi za sasa zina bendi mbili. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa watu. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi kubwa, lakini ukuta wa pili huichosha. Runinga na kompyuta zilizo karibu na ruta zipe bendi ya 5. Kamera, printa na simu ya chumba cha mbali zipe 2.4. Kama ruta yako huchanganya bendi hizo chini ya jina moja na vifaa vinang'ang'ania bendi isiyofaa, zipe majina mawili tofauti.

Sasa chaneli. Kwenye bendi ya 2.4 kuna chaneli 13, zikiachana kwa megahezi 5, lakini ruta inaporusha huchukua upana wa megahezi 20. Maana yake chaneli moja huwaingilia jirani zake wa kushoto na kulia, na zinazokaa bila kuingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Watu wengi wakiona chaneli 1 na 6 zimejaa, hukimbilia ya 3 au ya 4 wakidhani wamepata nafasi. Ni kosa. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikiana, kwa hiyo hupeana zamu kama wazee wanaozungumza barazani. Iliyo kwenye chaneli ya katikati huwasikia wengine kama kelele tu, haielewi zamu ni ya nani, na inawavuruga nao wanaivuruga. Ni afadhali ushirikiane chaneli 6 na jirani aliye mbali kuliko kukaa chaneli 4 peke yako.

Ili kuchagua, pakua kwenye simu ya Android programu ya kuchunguza Wi-Fi, mojawapo huitwa WiFi Analyzer. Kwenye iPhone, programu ya Apple iitwayo AirPort Utility hufanya kazi hiyo ukiiruhusu kwanza kwenye mipangilio ya simu. Tembea nayo chumba hadi chumba. Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha video bila kukwama, -80 ni kuhangaika. Andika namba ya kila chumba daftarini, kisha chagua kati ya 1, 6 na 11 ile ambayo majirani walioko humo wanasikika kwa udhaifu zaidi.

Kwenye bendi ya 2.4 weka upana wa megahezi 20, si 40, maana 40 hula sehemu kubwa ya bendi nzima. Kwenye bendi ya 5 unaweza kuweka 80 ukiwa kwenye nyumba yenye uwanja wake, na 40 ukiwa kwenye ghorofa lenye wapangaji wengi. Anza na chaneli 36 hadi 48. Zile za 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, na sheria za masafa huitaka ruta isikilize walau dakika moja kabla ya kurusha humo na ihame mara inaposikia rada. Ukikaa karibu na uwanja wa ndege ukaona Wi-Fi ya bendi ya 5 ikipotea na kurudi, tazama hapo kwanza.

Usidanganyike na nguvu ya kurusha. Kuipandisha ruta hadi mwisho ni kuipaza sauti ruta peke yake. Simu iliyo chumba cha mbali itaisikia vizuri, lakini yenyewe haina nguvu ya kujibu, na mazungumzo hayakamiliki. Ndiyo maana mistari ya Wi-Fi huweza kuonekana imejaa na bado hakuna kinachofunguka.

Ruta mbili chini ya paa moja

Nyumba kubwa au ya ghorofa mara nyingi huhitaji ruta ya pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ili uelewe sababu, lazima uelewe DHCP. Hii ni kazi ya ruta ya kugawa anwani: kila simu inayojiunga hupewa namba yake, mfano 192.168.1.105, kwa muda maalumu. Ukichomeka ruta ya pili bila kuipanga, nyumba inaweza kuwa na wagawaji wawili wasiojuana, na mara nyingi wote wawili hujiita 192.168.1.1. Vifaa vinapotea njia. Leo printa inaonekana, kesho haionekani.

Fanya hivi. Unganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake, kwa waya. Nenda ukurasa wa LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, badili anwani yake iwe 192.168.1.2 ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1. Zima DHCP. Ipe jina la Wi-Fi na nywila zilezile za ruta kuu ili simu zihame zenyewe unapotembea, lakini ipe chaneli tofauti: kuu ikiwa 1, hii iwe 11. Hatimaye vuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya pili. Usiuchomeke kwenye lile la WAN. Ikiwa ruta ina hali iitwayo Access Point, ichague, nayo itakufanyia karibu yote hayo kisha ikuelekeze tundu la kutumia.

Vile vifaa vya kurefusha Wi-Fi bila waya vinasaidia, lakini vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka kama nusu. Ukilazimika kukitumia, kiweke katikati ya njia, mahali ambapo Wi-Fi bado ni nzuri. Kukiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi ni kukipa kazi ya kurefusha kitu ambacho hakipo.

Kwa wenye migahawa na nyumba za wageni, DHCP ina funzo jingine. Tuseme ruta yako inagawa anwani kuanzia 100 hadi 200, yaani 101, na kila anwani hushikiliwa saa 24. Wageni 60 wakiingia kwa siku moja, kila mmoja na simu na kompyuta, wanahitaji anwani 120. Wa jioni watakuta zimekwisha, ijapokuwa wa asubuhi wameshaondoka. Punguza muda wa kushikilia uwe saa moja au mbili, na malalamiko yatakwisha bila kununua kitu.

Printa na kamera zitengee anwani za kudumu kwenye sehemu hiyo hiyo ya DHCP, ili zisihame kila umeme unaporudi.

Majina, milango na wageni

DNS ni kama kitabu cha majina: unaandika jina la tovuti, nayo inakupa namba yake. Ya mtoa huduma ikiwa nzito, kurasa huchelewa kufunguka hata kama kasi ipo. Unaweza kuweka 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9. Wenye watoto watazame 1.1.1.3 ya Cloudflare, inayozuia tovuti hasidi na za watu wazima kwa nyumba nzima. Lakini mtoto mwenye data ya laini au VPN ataipita, kwa hiyo kichujio hakichukui nafasi ya mzazi kukaa na mwanawe na kuzungumza naye.

Ukurasa wa DNS ukaguliwe walau mara moja kila miezi michache. Programu hasidi ya DNSChanger, ambayo genge lake lilikamatwa Estonia mwezi Novemba 2011, ilikuwa ikibadili namba hizo tu, na watu wakapelekwa kwenye tovuti za matapeli huku anwani waliyoandika ikionekana sahihi. Ukikuta namba usizozijua, mpigie mtoa huduma umuulize kama ni zake.

UPnP huruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua mlango kuelekea nje bila kukuuliza. Izime, uone kama kuna kinacholalamika. Kama ni mchezo wa mtoto, mfungulie mlango huo mmoja kwa mkono. DMZ iache imezimwa, maana inakiweka kifaa kizima nje ya ulinzi. Na kama umefungua mlango ili utazame kamera ukiwa kazini lakini haifanyi kazi, tazama anwani iliyo kwenye ukurasa wa WAN. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na mlango wako hautafikika kamwe. Anwani za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi kila nyumba. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera au VPN.

Fungua pia Wi-Fi ya wageni, yenye nywila yake, na uizuie isione vifaa vya ndani. Wageni wakae humo, na runinga janja na kamera za bei nafuu nazo zikae humo. Kifaa kimoja kikitekwa, kisiifikie kompyuta yenye kazi zako na nyaraka za benki.

Jambo la mwisho kwenye ruta ni QoS, yaani sehemu ya kupanga zamu za data. Huenda umewahi kuona mtu mmoja anapopandisha picha zake mtandaoni, nyumba nzima inakwama. Sababu ni foleni: data inayotoka hujipanga nyuma ya mzigo mkubwa, na hata ombi dogo la simu yako linasubiri. Pima kasi yako kwa waya, ya kushusha na ya kupandisha, kisha weka kikomo kwenye QoS cha asilimia 85 hadi 90 ya kile ulichopata. Ukipata 20, weka 17 au 18. Utapoteza kidogo juu, lakini mkutano wa video wa mwenzako hautakatika.

Umeme, na kujua kosa ni la nani

Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi 12. UPS ndogo ya ruta ya miliampea-saa 8,800 kwa volti 3.7 ina wati-saa kama 32, kwa hiyo, ukitoa nishati inayopotea njiani, huendesha ruta ya wati 10 kwa takriban saa mbili na nusu. Hakikisha volti zinalingana kabisa na za adapta yako, na ampea ziwe sawa au zaidi. Ikiwa una kisanduku cha faiba na ruta kando kando, vyote viwili vinahitaji umeme.

Kila unapopata shida, pima kwanza kwa waya. Ukipata kasi unayolipia, kosa liko ndani ya nyumba yako. Usipoipata, mpigie mtoa huduma ukiwa na tarehe, saa na namba zako mkononi. Atakusikiliza tofauti na anayesema tu kwamba mtandao ni mbovu. Na mara nyingine kosa liko mbali na nyote wawili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo iache ruta yako ilivyo.

Ndugu msomaji, kama utafanya jambo moja tu wiki hii, badili nywila ya kuingilia ruta. Ukipata Jumamosi nzima, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kisha mkalishe kijana mmoja wa nyumbani umwonyeshe daftari, ili siku usipokuwepo asije akachukua sindano na kuiriseti ruta kwa kukata tamaa. Daftari lenyewe liweke pale zinapokaa hati za nyumba, na pesa ya kifurushi kikubwa isitoke mfukoni kabla vipimo vya chumba kwa chumba havijakuambia kwamba unakihitaji.